Rachel Carson: Mwanadada Aliyeachia PhD Njiani kwa Kukosa Doo, Kisha Akatingisha Makampuni ya Dawa za Wadudu

Kuna siku nilifika keja jioni nikapata dania yangu ya balkoni imejaa vidudu. Vidogo hivi, vya kijani, vimejipanga kwa shina kama abiria wa saa kumi na mbili wakingoja mathree. Chini ya sinki nilikuwa na mkebe wa dawa ya mende. Nikautoa, nikautingisha, kidole kikawa tayari kwa kitufe. Halafu nikajiuliza, kwani si kesho hii dania ndio naweka kwa ndengu?

Nikarudisha mkebe pole pole.

Sio ati mimi ni msomi. Kampo niliwacha mapema, karo ikikataa, nikaingia hasoo. Lakini siku chache kabla ya hiyo nilikuwa nimesoma maisha ya mwanadada mmoja wa Marekani aliyeaga zaidi ya miaka sitini iliyopita, na ndiye alinishika mkono. Anaitwa Rachel Carson. Kama unapanda sukuma kwa gunia, kitunguu kwa mkebe wa rangi ama basil kwa dirisha la bedsita, hii stori yake inakuhusu kuliko vile unadhani.

Msichana wa ocha

Rachel alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, mji mdogo jimbo la Pennsylvania, karibu na Pittsburgh. Alikuwa kitinda mimba, watoto wakiwa watatu. Familia ilikuwa na shamba kubwa lakini doo hakuna. Budake, Robert, alijaribu mambo mengi na hakuna hata moja iliomoka vizuri. Mathe yake, Maria, ndiye alimtembeza msituni na kando ya mto akimwonyesha ndege, vipepeo na maua, akimfundisha kuangalia vitu polepole.

Kitu kingine alichopenda ni kuandika. Akiwa bado mtoto wa primary, mwaka wa 1918, hadithi yake ilichapishwa kwa jarida la watoto lililokuwa likisomwa Marekani nzima. Tangu hapo akajua yeye ni mwandishi. Hakuna mtu angemwambia kitu kingine.

Alipofika chuo, chuo cha wanawake hapo Pittsburgh, alichukua Kiingereza. Karo ilikuwa shida, hadi mathe akawa anauza vyombo vya nyumba ndio msichana abaki darasani. Halafu akakutana na mwalimu wa biolojia anaitwa Mary Scott Skinker, na huyo mwalimu akamgeuza kichwa kabisa. Rachel akahama kutoka Kiingereza hadi biolojia. Watu walimwona ameruka akili. Miaka hiyo mwanamke kusomea sayansi ilikuwa kama kuomba kazi ya urubani na hujawahi panda hata boda.

Alimaliza 1929. Summer hiyo hiyo akaenda Woods Hole, kituo cha utafiti wa bahari huko Massachusetts. Hapo ndio alianza kuijua bahari kwa ukaribu, na haikuwahi kumtoka.

Doo ikaisha, PhD ikakwama

Akaingia Johns Hopkins, Baltimore, akapata masters ya zuolojia 1932. Akaanza PhD. Lakini hii ilikuwa miaka ya njaa Marekani, uchumi umeanguka chini kabisa, watu wanapanga foleni ya supu. Familia yake yote ilikuwa imehamia kwake. 1934 akaachana na PhD, akaanza kutafuta job.

Mwaka uliofuata budake akaaga ghafla. Sasa yeye ndiye akawa wa kulisha mathe na watu wa nyumba. Akapata kibarua kwa idara ya samaki ya serikali, kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe vya baharini. 1936 akaajiriwa rasmi, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa na kazi ya kisayansi hapo. Kabla hata hajapumua, 1937 sistake mkubwa naye akafa, akawacha wasichana wawili. Rachel na mathe wakawachukua.

Kwa hivyo piga picha: msee wa miaka 29, hana bwana, ana mathe na watoto wawili wa kulea, mchana anaedit ripoti za gava kuhusu samaki, usiku anaandika zake. Wengi wetu tunajua hayo maisha. Ile tofauti ni kwamba yeye hakuwacha kuandika.

Bahari ndio ilimtoa

Kitabu chake cha kwanza kilitoka Novemba 1941. Mwezi uliofuata Japani ikapiga Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na kitabu kikazama bila mtu kushtuka. Alingoja miaka kumi. 1951 akatoa cha pili, The Sea Around Us, na hicho kikalipuka. Kilikaa kwa orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times wiki 86. Kikabeba National Book Award. 1952 akaandika barua ya kuacha job, akawa mwandishi wa kujitegemea, akajenga nyumba ndogo kando ya bahari huko Maine.

Hapo angeweza kuchill maisha yake yote. Jina anayo, doo imeingia, bahari iko mlangoni. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu 1945.

Dawa ambayo kila mtu aliipenda

Hiyo dawa ni DDT. Mswisi anaitwa Paul Müller aligundua 1939 kwamba inaua wadudu vibaya sana, na 1948 akapewa Nobel. Wakati wa vita ilikomboa maisha ya watu wengi kwa kuua chawa wa homa ya typhus na mbu wa malaria. Hiyo ni ukweli na hakuna haja ya kuikana.

Shida ni vita vilipoisha. DDT ikashuka hadi kwa maduka. Ikarushwa na ndege juu ya misitu, mashamba, mitaa, hata watoto wakicheza nje. 1945 Rachel aliomba jarida moja kubwa limruhusu aandike kuhusu majaribio yaliyokuwa yakionyesha madhara yake kwa viumbe wengine. Wakamkatalia. Akaendelea na bahari yake.

Halafu Januari 1958 akapata barua kutoka kwa rafiki yake Massachusetts, Olga Owens Huckins. Ndege ya serikali ilikuwa imepita ikirusha DDT ya kuua mbu, na ndege wa kuimba waliokuwa wakiishi kwa boma yake walikuwa wamekufa, wametapakaa uani. Olga alikuwa anatafuta mtu wa kusaidia. Rachel alijaribu kutafuta mwandishi mwingine aibebe hiyo stori. Mwishowe akaona hakuna, ni yeye.

Hapo ndio sumu inaingia kwa sahani

Wakati huo huo kulikuwa na kesi Long Island, New York. 1957 serikali ilikuwa imerusha DDT iliyochanganywa na mafuta juu ya eneo lote, kuua nondo wanaokula miti. Kati ya waliopigiwa dawa bila kuulizwa walikuwa wanawake wawili, Marjorie Spock na Mary Richards. Walikuwa wanalima mboga zao bila kemikali juu Mary alikuwa mgonjwa na chakula kilichopigwa dawa kilikuwa kinamsumbua. Dawa ikaanguka juu ya mboga, juu ya malisho, juu ya kila kitu. Walienda kortini wakashindwa, lakini mafaili ya kesi, pamoja na ushahidi wa wataalamu, yalifika kwa meza ya Rachel. Ilikuwa dhahabu.

Alipochimba, alipata vitu vitatu ambavyo hadi leo ndio msingi wa kila kitu.

Cha kwanza, DDT haipotei haraka. Inaingia kwa mafuta ya mwili na kukaa hapo, ikipanda kutoka kiumbe hadi kiumbe. Pale chuo cha jimbo la Michigan, miti ilipigwa dawa ili kuua wadudu wanaobeba ugonjwa wa miti. Majani yakaanguka, minyoo ikala majani, ndege wakala minyoo. Minyoo 11 mikubwa ilitosha kubeba kiasi cha kuua ndege mmoja. Hakuna mtu alikuwa amempigia huyo ndege dawa.

Cha pili, kuna dawa ambazo hazikai juu ya jani. Zinafyonzwa na mmea, zinatembea na maji ya mmea hadi kila jani, na mdudu akinyonya anakufa. Kwa waridi la sebuleni hiyo ni akili. Kwa mboga unayodishi ni hesabu nyingine kabisa, kwa sababu unaweza kuosha hadi mfereji ukauke na dawa bado iko ndani.

Cha tatu ni siku. Novemba 1959, wiki chache kabla ya Thanksgiving, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya matunda ya cranberry yana mabaki ya dawa ya magugu inayoitwa aminotriazole, ambayo ilikuwa imeleta uvimbe wa saratani kwa panya wa maabara. Dawa hiyo ilikuwa imeruhusiwa kutumika baada ya mavuno tu. Kuna wakulima waliiweka kabla. Yaani dawa ni ile ile, shamba ni lile lile, kilichoharibika ni kalenda. Nchi nzima ikaogopa cranberry kwa wakati ambao huwa ndio sherehe yake.

Sumu ndani ya nyumba

Watu wengi wakisikia jina la Carson wanawaza mashamba na ndege wa angani. Lakini kwa kitabu alichokuwa anaandika, kuna sura moja inakuja hadi jikoni kwako. Alionyesha vile mtu wa kawaida alikuwa anaingia supermarket na kununua sumu kali kama ananunua unga, imepangwa karibu na chakula, bila mtu wa kumuuliza anajua nini. Kulikuwa na karatasi za kutandika kwa shelfu za jikoni zilizolowekwa dawa ya wadudu pande zote mbili. Kulikuwa na vifaa vya stima vya kufukiza dawa inayoitwa lindane ndani ya nyumba. Watu walikuwa wakilala kwa hiyo hewa, wakiweka sahani juu ya hiyo karatasi.

Pointi yake ilikuwa rahisi. Kipimo kidogo kwa letusi peke yake kinaweza kuonekana si kitu. Lakini wewe hudishi letusi peke yake. Kuna ya maziwa, ya nyama, ya shelfu, ya hewa, ya bustani. Mwili ndio unajumlisha, na hakuna mtu alikuwa anapiga hiyo hesabu.

Alichoficha

Wakati anaandika haya yote maisha yalikuwa yanamchapa bila huruma. 1957 msichana mmoja kati ya wale aliolea, Marjorie, alikufa, akawacha kijana mdogo karibu miaka 5. Rachel, akiwa na miaka 49, akamchukua akamlea kama mtoto wake. Mwisho wa 1958 mathe yake naye akaaga.

1960 akapatikana na uvimbe kwa titi, akafanyiwa operesheni. Daktari hakumwambia ukweli. Miaka hiyo ilikuwa kawaida kumficha mwanamke. Alikuja kujua mwisho wa mwaka kwamba ni saratani na tayari imesambaa. Akaanza kuchomwa na miale, akawa mgonjwa hadi kuna wakati hawezi kutembea wala kusoma. Na bado akamaliza kitabu.

Hakutaka watu wajue. Alijua makampuni yakisikia ana saratani yatasema anaandika kwa uchungu, si kwa sayansi. Kwa hivyo akavaa wigi, akaketi mbele ya kamera, akanyamaza.

Moto ukawaka

Juni 1962 jarida la The New Yorker likaanza kuchapisha vipande vya kitabu. Tarehe 27 Septemba kitabu kizima kikatoka, jina Silent Spring. Nchi ikalipuka.

Kampuni ya Velsicol ilikuwa tayari imemwandikia mchapishaji kumtisha na mambo ya sheria. Monsanto ikatoa andiko la kumkejeli, ikichora dunia isiyo na dawa vile italiwa na wadudu. Wanasayansi wa makampuni wakazunguka kwa televisheni wakimwonyesha kama mtu anayetaka kuturudisha zama za giza. Wengine walishika ile ya kuwa ni mwanamke, hana bwana, hana PhD, anapenda ndege na paka kupita kiasi. Unaona vile watu wakikosa jibu wanashika maisha yako binafsi? Haikuanza na mitandao.

Na kitu ambacho wengi hawasemi: Rachel hakuwahi kusema dawa zote zipigwe marufuku. Alisema tuache kuzimwaga ovyo, tutumie kidogo, pale panapohitajika, na mwenye chakula na nyumba aambiwe ukweli. Hata alionya kwamba tukizimwaga kila mahali, wadudu watazizoea, na siku tutakapozihitaji hazitafanya kazi. Mbu wengi wa malaria walikuja kuizoea DDT kweli.

Rais John F. Kennedy aliulizwa kuhusu hii maneno Agosti 1962, akaunda kamati ya wanasayansi. Tarehe 3 Aprili 1963 CBS ikarusha kipindi maalum, hata baada ya wadhamini watatu kujitoa. Mamilioni ya watu wakamwona mwanamke mtulivu, anaongea polepole, anajibu kwa ushahidi. Aliyekuwa anapiga kelele ni yule wa upande wa pili. Mei 15 ripoti ya kamati ya rais ikatoka, na kwa sehemu kubwa ikamuunga mkono. Juni 4 akaenda mbele ya maseneta, mgonjwa hoi, akaomba mwananchi apewe haki ya kutopigiwa sumu kwa nyumba yake na watu wengine.

Tarehe 14 Aprili 1964 akaaga dunia huko Silver Spring, Maryland. Alikuwa na miaka 56.

Vile aliwacha

Marekani ikaunda shirika la kulinda mazingira 1970, na 1972 ikapiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT kwa kilimo. 1980 Rais Jimmy Carter akampa nishani kubwa kabisa ya raia, akiwa tayari kaburini. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukabana DDT dunia nzima, ikibaki na mlango mmoja tu wa kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa kama malaria. Na ule mkutano wa mazingira wa Stockholm wa 1972, uliofanyika dunia ikiwa bado moto na maswali kama yake, ndio ulizaa UNEP. Makao makuu yako hapa hapa Gigiri. Ukipita na mathree za Limuru Road, unapita karibu na kitu ambacho kina mkono wake kidogo.

Sasa turudi kwa dania yako

Kupanda ndani ya keja ni poa, bei ya mboga tunaijua sote. Lakini elewa kitu kimoja: ndani ya nyumba ni noma kuliko shambani. Shambani kuna mvua ya kuosha jani, jua kali la kuvunja dawa na upepo wa kuipeleka mbali. Ndani hakuna. Ukipuliza, inabaki kwa jani, kwa ukuta, kwa shuka, na kwa mapafu yako. Kama una mtoto anayetambaa, ndiye anaokota yote.

Kwa hivyo, nikimfuata Rachel, hivi ndivyo mimi hufanya siku hizi:

Dawa ya mende na mbu haiguswi kwa kitu cha kula. Haikutengenezewa jani litakaloingia sufuria.

Dawa ya maua ya sebule pia zii. Nyingi ni zile za kuingia ndani ya mmea. Kuosha hakutakuokoa.

Naanza na maji. Peleka mkebe bafuni, elekeza maji kwa upande wa chini wa jani ambako vidudu hujificha. Vikirudi, sabuni ya maji kidogo sana kwa lita ya maji, jaribu kwa jani moja kwanza, puliza, halafu suuza. Rudia baada ya siku chache. Shina lililoharibika kabisa, kata utupe.

Ile ya kuloweka tumbaku na kuwapulizia wadudu, wacha kabisa. Nikotini ni sumu, hata ukiichemsha mwenyewe jikoni. Kuwa ya asili haimaanishi ni salama.

Ikilazimu ununue dawa, enda agroveti inayojulikana, taja mmea kwa jina na useme iko ndani ya nyumba. Angalia lebo kama ina namba ya usajili ya PCPB, kama mmea wako umetajwa, na ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Ikisema siku 7, ni 7. Kumbuka cranberry. Pulizia nje, vaa glavu, funika mdomo, na rudisha mmea ndani baada ya kukauka.

Na tafadhali, usiweke dawa kwa chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma mawazo yako.

Dania yangu ilipona kwa maji na sabuni, wiki mbili hivi. Haikupendeza sana, ilikuwa na mashimo mashimo. Lakini niliikata nikaweka kwa ndengu, nikala bila kujiuliza chochote. Huo ndio uhuru Rachel Carson alikuwa anapigania akiwa amevaa wigi na mwili unauma: kujua nini kiko kwa sahani yako, na kuwa na sauti kuhusu nani anakiweka hapo.